Skrini ya Projekta Nyumbani: Kitambaa, Fremu na Giza

Projekta ikishaingia nyumbani, wengi huanza na shuka jeupe. Hutundikwa sebuleni, taa zikazimwa, na picha ikatokea. Ila nyuso hupinda penye mikunjo na rangi hupauka. Atakayesimama nyuma ya shuka hilo ataiona filamu nzima, kwa sababu sehemu ya mwanga inapenya na kupotea badala ya kumrudia mtazamaji. Skrini halisi inataka mambo matatu: kitambaa kisichopitisha mwanga, fremu inayokinyoosha, na giza linalokizunguka. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kwanza vipimo. Skrini hutajwa kwa ulalo wake. Ya inchi 100, kwa umbo la 16:9 la televisheni za sasa, ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 124.5. Ikizungushiwa fremu ya mbao za inchi 1 kwa 3, vipimo vya nje hufika kama sentimita 236 kwa 139.5. Ukijumlisha unene wa mbao na sentimita 5 za kukunjia nyuma kila upande, kitambaa kinachotakiwa ni sentimita 251 kwa 155.

Hapo ndipo hesabu hukwamisha watu. Kitambaa cha pazia chenye upana wa sentimita 150 hakitoshi, na upungufu huo mdogo hauzibwi kwa kuunga, maana mshono huonekana kila inapokuja picha ya anga au ya ukuta mweupe. Dawa ni kutafuta kitambaa kizito cha mapazia chenye upana wa sentimita 280 na kukilaza: upana wa jora unakuwa upana wa skrini, na mita 1.6 tu zinatosha. Kabla ya kulipa, kinamulikwa kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nuru ikionekana upande wa pili, hakifai. Uso wa mbele uwe mweupe usiong'aa, kwani unaong'aa huacha doa la mwanga katikati ya picha.

Mbao nazo ziwe kavu. Paini mbichi hujikunja ikikauka, na fremu iliyojikunja hulegeza kitambaa. Pembe hukatwa kwa nyuzi 45, zikapakwa gundi na kukazwa kwa vyuma vya kona. Gundi ikiwa bado mbichi, futi kamba hupitishwa kutoka kona hadi kona ya mkabala: milalo yote miwili isome sentimita 274. Ikitofautiana, fremu imekwenda upande na inasukumwa hadi ilingane.

Kitambaa huwambwa kama ngozi ya ngoma, kwa kuvutana pande zinazotazamana. Pini ya kwanza hupigwa katikati ya mbao ya juu, ya pili katikati ya mbao ya chini, kisha kushoto na kulia. Kutoka hapo fundi husogea kidogo kidogo kuelekea kona, akibadilisha upande kila mara. Anayeanzia kwenye kona hubaki na mawimbi ambayo hayaondoki mpaka pini zote zing'olewe. Mwisho, upande wa mbele wa mbao hufunikwa kwa mahameli nyeusi, ambayo humeza mwanga unaozidi ukingo wa picha.

Sasa giza. Projekta inayotoa lumeni 1,000 za kweli kwenye skrini hiyo ya mita za mraba 2.75 huipa mwangaza wa takriban kandela 116 kwa mita ya mraba. Kiwango cha kumbi za sinema ni 48. Kwa hiyo mwanga upo wa kutosha. Lakini projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi wa picha ni kitambaa chenyewe kilivyo kabla ya kumulikwa. Taa ya sebuleni ikikiangazia kwa lux 50 tu, kila kilichopaswa kuwa cheusi huwa na kandela 16, na sehemu angavu kabisa ya picha huizidi ile nyeusi mara 8 tu. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, huonyesha filamu usiku katika uwanja wa wazi wa Ngome Kongwe, na usiku huo ni sehemu ya mtambo sawa na projekta.

Wapo wanaotumaini kuponya weusi huo uliopauka kwa kuipaka skrini rangi ya kijivu. Kijivu cha kawaida hupunguza mwanga wa taa na wa projekta kwa kiasi kilekile, hivyo uwiano wa weupe na weusi dhidi ya taa ya sebuleni haubadiliki. Kinachopungua kweli ni mwanga unaoruka kutoka kwenye skrini, ukagonga dari na kuta nyeupe, kisha ukarudi. Huo nao hupungua zaidi kwa kuipaka dari iliyo karibu na skrini rangi nyeusi isiyong'aa, au kwa kutundika kitambaa cheusi kuta za pembeni. Mwenye bajeti finyu aanze na pazia zito la dirishani, afuatie na dari. Kopo la kijivu lisubiri.