Tunakusanya foto, tunapoteza majina



Siku hizi karibu kila juma mtu anatuma foto ya zamani kwenye simu zetu. Mara ni barabara ya Uvira wakati wa Wabelgiji, mara ni wamama wamebeba vikapu pembeni ya ziwa, mara ni mzee wa wakati wa Zaire amevaa abakosti, amesimama mbele ya pazia lililochorwa la studio. Watu wanaweka mioyo, wanaandika "zamani kulikuwa kuzuri". Ukiuliza, "Huyu ni nani?", jibu ni lilelile: "Sijue, niliipata tu." Halafu foto inaendelea na safari yake, na yule mtu anabaki bila jina.

Leo nina hoja moja tu. Kukusanya foto za zamani bila kuuliza majina ni kazi nusu, na nusu ile inayokosekana ndiyo yenye maana kwetu zaidi. Tutawapima wakusanyaji wakubwa wa nje, kisha msanii mmoja wa Kongo, kisha sisi wenyewe.

Tuwape wakusanyaji haki yao kwanza. Mwingereza mmoja, Humphrey Winterton, alikusanya kwa miaka mingi foto za Afrika Mashariki. Mkusanyo wake una foto zaidi ya 7,000, za tangu miaka ya 1860 hadi 1960, na mwaka 2002 ulichukuliwa na chuo kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, Marekani. Leo mwanafunzi mwenye mega kidogo anaweza kuzifungua akiwa Mulongwe au Kalundu. Kule Ubelgiji, jumba la makumbusho la Tervuren, lililofunguliwa tena Desemba 2018 baada ya miaka 5 ya matengenezo, lina hazina kubwa ya foto za Kongo. Bila watu na nyumba za namna hiyo, albamu nyingi za maofisa na wamisionari zingeishia jalalani. Karatasi imepona juu yao, na hilo si dogo.

Lakini karatasi iliandikwa na nani? Albamu ya ofisa wa kikoloni mara nyingi inataja jina la bwana, la bibi yake, hata la mbwa. Mpishi anabaki "boi". Wabeba mizigo wanabaki "wabeba mizigo". Anayekusanya albamu ile anakusanya pamoja na dharau iliyoandikwa ndani yake, na akiiweka kwenye intaneti jinsi ilivyo, ile dharau inapata maisha mapya.

Chukua mfano wa Casimir Zagourski. Aliwahi kuwa ofisa katika jeshi la mfalme wa Urusi, akahamia Léopoldville mwaka 1924, akafungua studio huko, na alifariki mwaka 1944. Alitembea mbali na mashine yake, akatoa mfululizo wa kadi za posta alizoziita "L'Afrique qui disparaît", yaani Afrika inayopotea. Hadi leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanauziana kadi hizo. Ni foto nzuri, tusidanganyane. Mwanga umepangwa vizuri, uso unaonekana hadi mstari wa mwisho wa chale. Sasa soma maneno ya chini. Mara nyingi utakuta jina la kabila na jina la eneo, basi. Wafalme na wakubwa waliweza kutajwa. Mama wa kawaida aligeuzwa kuwa mfano wa kabila lake, sawa na mtu anayeonyesha aina ya ndege au ya mti. Mama huyo alikuwa na jina siku ile aliyosimama mbele ya mashine. Limepotea kwa sababu hakuna aliyeliandika.

Kwetu jambo hili halibaki kwenye sanaa tu. Hapa Uvira na katika bonde la Rusizi, swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni limekwisha kumwaga damu. Foto ya kikoloni yenye jina la kabila chini yake inaweza kutupwa katikati ya mabishano kama hati ya mahakama: "Munaona? Iko imeandikwa!" Imeandikwa na nani? Na mpita njia, ambaye pengine hakumwuliza yule mtu anajiitaje, baba yake alitoka wapi, nyumba yake ilikuwa mlima gani. Mtu aliyesoma anapaswa kuwa na shaka na maneno ya chini ya foto kabla hajaituma kwa mwingine.

Sasa tuje kwa msanii wa kwetu. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Mwaka 2006 alitoa mfululizo wa kazi unaoitwa "Mémoire". Aliingia katika foto za kumbukumbu za kampuni ya migodi ya Union Minière, ile ambayo baada ya kutaifishwa ilikuja kuwa Gécamines. Akakata sura za watu waliomo, wafanyakazi weusi na wakubwa wazungu, akazibandika juu ya foto alizopiga yeye mwenyewe za viwanda vilivyokufa. Watu ni weusi na weupe, mahali ni rangi. Mfanyakazi wa zamani anasimama mbele ya chuma chenye kutu na anakutazama usoni.

Kwetu neno memwari linatukumbusha kwanza ile kazi ya mwisho wa masomo: kurasa nyingi, kutafuta makuta ya kuchapisha, na jury inayokungoja. Nadhani kazi ya Baloji inastahili kusomwa hivyohivyo, kama memwari inayotetewa. Hoja yake ina nguvu: jasho liko, mabomba yako, lakini utajiri uko wapi? Hakuna takwimu ya shaba inayoweza kuuliza swali hilo vizuri kama yule mtu aliyerudishwa kazini baada ya kazi kufa. Pia amefanya kitu ambacho wakusanyaji wa kadi hawafanyi: amewatoa wale wageni kwenye kabati, akawarudisha mahali walipoishi.

Lakini kama ningekuwa kwenye jury, ningemwuliza swali moja. Hawa ni nani? Kazi nyingi za mfululizo ule hazina jina, zina namba tu. Kampuni nayo iliwajua wafanyakazi wake kwa matrikile. Ninajua atakachojibu: kumbukumbu za kampuni hazikuwa zimeandika majina, na msanii hawezi kubuni. Ni kweli, kosa la kwanza si lake. Lakini matokeo ni yaleyale: tunamjua aliyekata na kubandika, hatumjui aliyekatwa. Lubumbashi na Likasi bado kuna watoto na wajukuu wa wale wafanyakazi. Kazi ile ingekuwa na nguvu mara mbili kama foto zingepita kwanza mikononi mwao, kwenye vibanda na makanisa, pengine sauti moja iseme, "Huyo ni mukubwa wa baba yangu."

Usifikiri jambo hili liko Katanga na Ulaya tu. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akafika Kibamba katika eneo la Fizi, akakaa miezi kama saba na wapiganaji wa kwetu. Kuna foto ya wakati ule inayojulikana sana: Che amebeba mtoto mchanga, pembeni yake amesimama askari mwenzake kutoka Cuba. Inazunguka dunia nzima. Maelezo yake yanamtaja Che. Mtoto anaitwa tu "mtoto wa Kikongo". Kama yuko hai, leo ni mtu wa miaka 60 hivi. Labda anauza ndagala Baraka, labda alikimbilia Nyarugusu, labda hajawahi kuona foto yake hata siku moja, wakati watu wasiojua Fizi iko wapi wanaitazama. Huyo ni mtu wa ziwa letu, na sisi pia tunapoituma ile foto tunaandika "Che huko Kongo".

Mtu atasema: zamani ilikuwa hivyo, majina hayakuwa desturi. Si kweli. Mwaka 1904, katika misheni ya Baringa, huko Ekwateri, mwanamke mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga foto baba mmoja aliyeketi akitazama mkono na mguu wa mtoto wake, mtoto aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Tunajua kwamba baba huyo aliitwa Nsala, wa kijiji cha Wala, na mtoto wake Boali. Tunajua kwa sababu kisa chake kilisikilizwa na jina likaandikwa. Foto ile ilionyeshwa katika mikutano ya Ulaya na Marekani kupinga utawala wa Leopold II. Mashine ilikuwa ya wakati uleule, nchi ileile. Tofauti ni kwamba jina liliulizwa.

Hapo njo tunafika kwetu Uvira. Sisi hali yetu ni kinyume cha ile ya Tervuren. Kule wana karatasi bila majina. Hapa tuko na wazee wenye majina bila karatasi. Vita vya 1996 na 1998 vilitoa watu manyumbani, na mtu anayekimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani habebi albamu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa manyumba maelfu. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda, na sisi wa Kavimvira tunajua maji yalifika wapi. Foto zilizokuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda zilienda na maji. Kila mara tunahesabu mabati, mbuzi na magunia. Foto haziingii kwenye orodha ya msaada.

Zile zilizobaki nazo, je, tunazijua? Fungua albamu ya nyumbani kwenu. Baba na mama unawajua. Lakini yule kijana aliyeshika baiskeli? Wale dada watatu wenye vitenge vya namna moja? Hao ni wageni waliomo ndani ya familia yako, na pengine mtu mmoja tu aliye hai anawajua. Mwulize: "Bibi, huyu wa baiskeli ni nani?" Unaweza kusikia: "Huyo? Huyo si ndugu yetu. Alikuwa jirani, ndiye alipeleka baba yako hospitali usiku ule." Maneno hayo hayako katika foto. Bibi akienda, yanaenda naye, na wewe utabaki na kijana na baiskeli.

Kuna pingamizi moja ambalo ninaliheshimu. Wengine wanasema: katika nchi yetu, kutaja jina ni hatari. Jina linaonyesha kabila, linaonyesha baba alikuwa upande gani mwaka 1964 au 1998. Ni kweli. Njo maana kuandika jina na kutangaza jina ni mambo mawili. Jina liandikwe nyuma ya foto, libaki nyumbani. Kwenye Facebook au WhatsApp lisiende bila ruhusa ya wenyewe au ya watoto wao. Mtu aliyepigwa foto pasipo kuulizwa tusimtendee hivyo mara ya pili.

Kwa hiyo ninapendekeza haya, na hayahitaji mradi wala makuta ya wafadhili. Andika nyuma ya foto kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza; wino wa biki unapita upande wa pili. Andika jina, mahali, mwaka hata wa kukadiria, na jina la aliyekuambia. Kama bibi ana shaka, andika kwamba ana shaka. Piga foto ya ile foto kwa simu, kivulini, bila flashi, pande zote mbili. Foto za karatasi zilizolowa na kushikana usizivute kwa nguvu. Ziloweke kidogo katika maji safi ya baridi, uzitenganishe polepole, uzianike uso juu mahali pasipo jua kali. Na wale wenzetu mnaotafuta somo la utafiti katika historia au sosholojia: foto za mtaa mmoja wa Uvira, zikiwa na majina na visa vya wenyewe, zinatosha kuwa kazi nzima. Sijui jury gani ingeikataa.

Winterton alikuwa na makuta na muda, Tervuren wana jumba. Sisi tuko na wazee wachache, na kila mwaka wanapungua. Juma hili foto ya zamani itakapoingia kwenye simu yako, kabla hujaweka moyo, mpelekee kwanza mtu mzima wa nyumbani kwenu, umwulize: huyu ni nani?