Nani Alikuwa Mlangoni?

Kwa wiki sita mwaka jana nilikuwa mtu wa kuigwa. Saa 12 asubuhi nilizima data, nikaiweka simu ndani ya sufuria tupu jikoni, nikafunika na mfuniko, kisha nikaingia chumbani na kufunga mlango. Nilitoka saa 4. Katika muda huo nilitafsiri kurasa nyingi kuliko nilizozoea kutafsiri kwa siku nzima, na kazi yenyewe ilikuwa safi. Istilahi niliyoichagua ukurasa wa 3 ilikuwa ileile ukurasa wa 40. Wateja waliacha kunikumbusha tarehe. Nikaanza kuwahubiria rafiki zangu habari za sufuria.

Aliyenifundisha hayo ni Cal Newport, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, kupitia kitabu chake Deep Work kilichotoka 2016. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikisoma kama mgonjwa anavyosoma maelekezo kwenye pakiti ya dawa. Mara ya pili nilikisoma nikiwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyoniketisha niandike uhakiki huu.

Hoja ya kitabu ni nyepesi kueleza. Kazi za akili ziko za aina mbili. Ipo kazi ya kina, ile unayoifanya ukiwa umezama kabisa, akili ikisukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, na matokeo yake mtu mwingine hawezi kuyaiga kirahisi. Na ipo kazi ya juujuu: kujibu barua pepe, kukaa vikaoni, kujaza fomu, kutuma ujumbe wa "nimepokea, ahsante". Newport anasema kazi ya kina inazidi kuwa adimu wakati huohuo thamani yake sokoni inapanda, kwa hiyo wachache watakaoilea ndio watakaofanikiwa. Anatoa kanuni nne: fanya kazi kwa kina, jizoeze kukaa bila cha kukuburudisha, achana na mitandao ya kijamii, na punguza kazi za juujuu.

Nianze na sifa, kwa sababu kitabu kinazistahili. Sehemu iliyonisaidia zaidi ni pale Newport anapoeleza utafiti wa Sophie Leroy wa mwaka 2009 kuhusu kile tunachoweza kukiita mabaki ya umakini. Ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, akili haihami yote. Sehemu yake hubaki imeng'ang'ania pale ulipotoka, hasa kama uliiacha kazi ile bila kuimaliza. Ndiyo maana kuchungulia simu kwa sekunde kumi hakugharimu sekunde kumi tu.

Nilikuwa na ushahidi wangu mwenyewe. Wakati fulani nilikuwa natafsiri kijitabu cha afya kwa kina mama. Katikati ya sentensi iliyohusu kipimo cha dawa, ujumbe uliingia kwenye kundi la harusi ya binamu yangu: orodha ya ambao bado hawajatoa mchango. Jina langu lilikuwamo. Sikujibu. Nilitazama tu, nikarudi kwenye sentensi, nikaandika "mara tatu kwa siku" mahali palipotakiwa "mara mbili". Mhariri aliliona kosa kabla kijitabu hakijaenda kuchapwa. Kabla ya kumsoma Newport, kosa lile niliuita uzembe. Baada ya kumsoma nilielewa lilivyotokea, na nikajua namna ya kulizuia lisijirudie.

Pia ana haki anaposema kwamba, pale ambapo ni vigumu kupima kazi ya akili, watu hupima pilikapilika. Anayejibu haraka huonekana mchapakazi, na aliyenyamaza saa tatu akiandika huonekana amelala. Yeyote aliyewahi kuulizwa na bosi "mbona hukuwa hewani?" anajua maana yake.

Basi nikazima data, nikafunika sufuria.

Naishi Tandika, chumba na sebule, pamoja na mdogo wangu wa kike. Alikuja kukaa nami ili arudie mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi nalala na kufanya kazi chumbani, yeye analala na kusoma sebuleni. Mlango wa sebule ndio mlango wa nyumba.

Siku moja katika wiki ya sita nilitoka saa 4 kama kawaida, nikamkuta yuko uani anafua. Daftari lake la Fizikia lilikuwa wazi mezani. Nililichukua nikitaka kumsifu. Katika ukurasa ule palikuwa na swali moja limeanzwa, limeachwa, limeanzwa tena kwa wino mwingine, likaachwa. Pembeni, kwenye pambizo, alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: "Maji madumu manne, nimelipa. Watu wa hela ya taka, watarudi kesho. Mama kapiga, anaulizia dawa ya presha. Kijana kaleta bahasha, anataka saini ya kaka." Nikafunua ukurasa wa nyuma, kisha wa nyuma yake. Pambizo zote zilijaa. Alikuwa ananihifadhia ujumbe wangu ili anisomee wakati wa chai, na kweli kila siku alinisomea. Sikuwahi kujiuliza alikuwa ameuandika wapi.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali la mtego.

"Kaka, si ulisema usisumbuliwe?"

Akaongeza kuwa hakuna shida, yeye atasoma usiku. Usiku ndio wakati ambao jirani hufungulia muziki, na yeye akiwa amechoka kwa kufua na kupika.

Baada ya hapo nilikirudia kitabu, safari hii nikitafuta jambo moja tu. Kila Newport alipomtaja mtu aliyezama kazini, nilijiuliza: nani alikuwa mlangoni?

Kitabu kinafunguka na Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, ambaye mapema miaka ya 1920 alianza kujenga nyumba ya mawe huko Bollingen, kando ya Ziwa Zurich, akawa anajificha humo kuandika. Alikuwa na chumba chake cha faragha, na ufunguo alitembea nao mwenyewe. Newport anaupenda mnara huo na ni rahisi kuona sababu. Ila Jung alikuwa na nyumba nyingine huko Küsnacht, na ndani yake alikuwemo mkewe, Emma, pamoja na watoto watano. Emma alitoka katika familia tajiri, na mali hiyo iliwatunza wote. Naye alikuwa msomi. Kwa miaka mingi alifanyia utafiti visasili vya kikombe kitakatifu cha Ulaya ya zama za kati, akafariki mwaka 1955 kabla hajaumaliza, na mwenzake Marie-Louise von Franz ndiye aliyeukamilisha. Sisemi kwamba mnara ndio uliomkwamisha. Nasema tu kwamba tukihesabu vitabu vilivyozaliwa na utulivu wa Bollingen, ni vyema tukikumbuka na kile kilichobaki hakijamalizwa Küsnacht.

Kisha yupo J.K. Rowling. Mfano anaouchagua Newport ni ule wa 2007, mwandishi akiwa tayari tajiri, aliposhindwa kumalizia kitabu cha mwisho cha Harry Potter nyumbani kwake kwa sababu ya watoto, mbwa na msafisha madirisha. Akapanga chumba katika hoteli ya kifahari ya Balmoral, Edinburgh, akamalizia huko. Newport anakitumia kisa hicho kuonyesha kuwa hatua kubwa na ya gharama huipa akili msukumo. Lakini yupo Rowling mwingine, maarufu vilevile: mama anayelea mtoto peke yake, anayeandika katika migahawa ya mji huohuo mtoto akiwa amelala kigarini, kabla kitabu cha kwanza hakijatoka mwaka 1997. Huyo hakuwa na hoteli. Kina chake kilikuwa na urefu wa usingizi wa mtoto. Kwa msomaji wa chumba na sebule, huyo wa pili ana mengi zaidi ya kufundisha.

Mfano wa tatu ndio ulionimaliza. Donald Knuth, gwiji wa sayansi ya kompyuta, aliachana na barua pepe mwaka 1990 ili apate muda mrefu usiokatizwa. Newport anamweka katika kundi la wanaoishi kazini kama watawa. Ila anaeleza pia kwamba Knuth ana anwani ya posta, na kwamba barua zinazofika huchambuliwa na msaidizi wake wa ofisi, ambaye humtengea zile anazoona zinamhusu. Nilipousoma mstari huo mara ya kwanza, niliupita. Mara ya pili niliona daftari la Fizikia. Kumbe barua pepe hazikuisha. Zilihamia mezani kwa mtu mwingine, na mtu huyo kitabu hakimuulizi siku yake ilikwendaje.

Hapa ndipo penye kasoro ya Deep Work. Kinauhesabu umakini kana kwamba ni akiba ya mtu mmoja: ukijibana utakuwa nao, usipojibana utaukosa. Kwa kweli kazi nyingi za juujuu hazifutiki kwa kuwa wewe umefunga mlango. Maji lazima yanunuliwe. Mama lazima ajibiwe kuhusu dawa yake. Kanuni ya nne inasema punguza kazi za juujuu, na ukiifuata bila kutazama kando, unaweza kudhani umezipunguza kumbe umezisukuma kwa aliye chini yako: mke, mdogo wako, dada wa kazi, karani.

Virginia Woolf aliliona hilo mapema. Katika A Room of One's Own ya mwaka 1929 alidai mwanamke anayetaka kuandika awe na chumba chake na pauni 500 kwa mwaka. Wengi tunakumbuka chumba na kusahau pauni. Alitaja fedha waziwazi kwa sababu alijua utulivu una bei na kwamba lazima mtu fulani ailipe. Newport, aliyeandika karibu miaka 90 baadaye, anazungumza sana kuhusu faida ya kina na kidogo sana kuhusu anayelipia.

Nimtendee haki. Mwaka 2021 alichapisha A World Without Email, na humo lawama zinahama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwenye utaratibu wa ofisi unaowalazimisha watu kujibizana kutwa nzima. Hiyo ni hatua ya maana. Lakini simulizi yake bado inaishia kwenye geti la ofisi, na wengi wetu tunaosoma vitabu hivi hatuna ofisi. Tunafanya kazi za mkataba mezani kwenye chakula, na simu tunayoambiwa tuizime ndiyo duka lenyewe. Katika wiki zile sita nilipoteza kazi moja nzuri kwa sababu mteja alituma ujumbe saa 1 asubuhi na saa 2 akawa ameshampa mwingine. Hasara hiyo niliikubali, maana nilikuwa nimeichagua. Ya mdogo wangu sikuwa na haki ya kumchagulia.

Kiswahili kina methali ambayo Newport angeipenda: mshika mbili moja humponyoka. Nilikuwa nikiitumia katika mahubiri yangu ya sufuria. Kuna nyingine inayopaswa kukaa jirani nayo: kidole kimoja hakivunji chawa. Ya kwanza inamwambia mtu ashike jambo moja. Ya pili inamkumbusha kwamba hata hilo moja halishiki peke yake. Deep Work ni kitabu kizuri sana kuhusu methali ya kwanza.

Kwa hiyo sikushauri ukiache. Kisome, kwa sababu anachosema kuhusu mabaki ya umakini ni kweli, na simu yako inakuibia kama ilivyokuwa ikiniibia mimi. Ila kabla ya kufunga mlango, andika kwenye karatasi vitu vyote vitakavyobisha katika saa hizo, na mbele ya kila kimoja andika jina la atakayekipokea. Kama jina ni moja kutoka juu hadi chini, huyo ndiye mlipaji wako.

Sisi tulifanya hivyo jioni ileile, juu ya daftari la Fizikia. Sasa saa 12 hadi saa 2 ni zangu. Saa 2 hadi saa 4 ni zake: anaingia chumbani na kufunga mlango, nami nakaa sebuleni na simu imewashwa, najibu mama, nalipia maji, nasaini bahasha, nafanya masahihisho mepesi yanayovumilia kukatizwa. Kurasa zangu zimepungua, karibu nusu. Nimewaambia wateja wawili kwamba nitachelewa, na mmoja hakurudi.

Mtihani wake ni mwezi Mei. Hatujui atapata nini, na miezi ile miwili ya mwanzo hairudi. Jana saa 3 alikuja mtu wa hela ya taka, akaanza kugonga kwa nguvu kama kawaida yake. Nilitoka nje, nikarudishia mlango taratibu nyuma yangu, nikamwambia aseme polepole, kuna mtu anafanya kazi ndani.