Kila Bolti na Tundu Lake

Kazi huanza kwa sikio. Fundi analala chali chini ya Land Rover, mkononi ana nyundo ndogo, anaigonga chesisi kutoka bampa ya mbele hadi boriti ya nyuma, kiganja kwa kiganja. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu, na hapo anachora msalaba kwa chaki, kisha anasogea. Haongei wakati wa kugonga, na kijana anayejifunza kwake ameshazoea kuzima redio.

Banda lake liko nyuma ya nyumba, Kasanda, wilaya ya Kakonko, eneo lililokuwa sehemu ya Kibondo hadi wilaya ilipogawanywa mwaka 2012. Nguzo ni za mikaratusi, paa ni la bati, sakafu ni udongo mwekundu ulionyweshwa oili hadi ukawa mweusi. Gari lililomo ni Series III, lenye inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, la aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Mafundi wengi wa ukanda huu walihamia kwenye Toyota Land Cruiser zilipojaa barabarani, zikiletwa na mashirika yaliyokuja kuhudumia wakimbizi wa Burundi na Kongo miaka ya 1990. Yeye anazitengeneza hizo pia, zinamlisha. Lakini saa zake za utulivu anazitoa kwa 109.

Misalaba ya chaki imekusanyika panapotarajiwa: kwenye mikono inayobeba ukuta wa mbele wa kabini, kwenye vishikizo vya springi na kwenye boriti ya nyuma. Chesisi ya gari hili ni mabamba manne ya chuma yaliyochomelewa yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Tope la msimu wa mvua huingia kwenye vitundu, hukaa humo hadi kiangazi, na kutu hula kutoka ndani huku nje rangi ikibaki nzuri. Bodi ina habari nyingine. Land Rover ilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana gari la umri huu huweza kuwa na milango mizima juu ya chesisi inayobomoka.

Kufungua kunachukua muda mrefu kuliko kufunga. Jioni fundi anamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kwenye kila nati iliyoshika, anaondoka, anarudi asubuhi. Anagonga kichwa cha bolti kidogo, anazungusha robo, anarudisha nyuma, anaongeza mafuta, anazungusha tena. Nati ikikataa anaipasha moto. Ikiendelea kukataa anaiacha hadi kesho.

Kijana alichukua spana ya 13. "Mzee, hii si inaingia?"

"Inaingia, mwanangu. Ila haikamati."

Nati za gari hili ni za vipimo vya inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, na hiyo tofauti ya milimita 0.3 inatosha kula kona za nati iliyochoka. Fundi ana seti ya spana za inchi iliyofungwa kwenye kitambaa, hamwazimi mtu. Kila bolti ikitoka inasafishwa kwa brashi ya waya na kuwekwa kwenye kopo lenye alama, ili irudi katika tundu lake. Kwangu mimi, ufundi wa mtu hupimwa hapa, katika kufungua bila kuvunja. Kuvunja na kununua kipya kunawezekana kwa yeyote mwenye pesa, na vipuri vya 109 havipatikani kila duka.

Sehemu iliyooza anaikata kwa grinda hadi afike kwenye chuma kinachong'aa. Anatengeneza kiolezo kwa karatasi ngumu ya boksi, anakijaribu, anakipunguza, ndipo anapokata bamba la milimita 2. Anachomelea nukta moja huku, nyingine upande wa pili, anasubiri chuma kipoe, maana moto ukikaa mahali pamoja chesisi inapinda. Umeme ukiyumba anazima mashine na kushika msasa. Kabla ya kufunga mchomeleo wote anavuta kamba kutoka kishikizo cha springi cha mbele kushoto hadi cha nyuma kulia, kisha kinyume chake. Kamba mbili zikilingana, chesisi imenyooka. Zilitofautiana kidogo. Alikata nukta mbili, akasukuma kwa jeki, akapima upya.

Injini ni ya petroli, lita 2.25, silinda nne. Krenki ilitumwa Mwanza kusagwa, kwa kuwa hapa hakuna mashine hiyo, lakini valvu nane anazikalisha mwenyewe. Anapaka pesti yenye chenga, anabandika fimbo yenye kikombe cha mpira juu ya valvu, anaipekecha kati ya viganja kama wazee walivyopekecha moto kwa ulindi. Anainua, anaizungusha kidogo, anapekecha tena, hadi utokee mviringo wa kijivu wenye upana uleule pande zote. Kisha pesti laini. Mwisho anamimina mafuta ya taa juu ya valvu iliyofungwa na kuyaacha humo. Yakipenya hata tone, anarudia.

Tepeti hupangwa kwa nafasi ya inchi 0.010, yaani milimita 0.25, na hapa kuna hesabu ninayoipenda. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, unarekebisha ya 1. Ikifunguka ya 6, unarekebisha ya 3. Namba mbili lazima zijumlishe 9. Kijana anazitaja kwa sauti, fundi anaitikia kwa kichwa, kile kibamba chembamba cha kupimia kinapita kwa msuguano mdogo tu.

Kwenye ekseli ya mbele, mpira wa chuma ambao gurudumu hupinda juu yake lazima uwe laini. Shimo dogo la kutu huchana sili, na oili huvuja. Ugumu wa kupinda anaupima kwa mizani ya springi, ileile ya kupimia maharage sokoni, akiinasa kwenye mkono wa stelingi na kuivuta taratibu.

Madigadi iliyobonyea ndiyo ilinishangaza zaidi. Aluminiamu ya zamani ikigongwa ikiwa ngumu hupasuka. Fundi aliisugua kwa sabuni ya mche, akapitisha moto kwa upande wa nyuma, macho yakiwa kwenye sabuni. Ilipogeuka kahawia iliyoiva aliondoa moto mara moja. Sekunde chache zaidi, na bamba lingeyeyuka. Bamba lilikuwa limelainika. Akaliweka juu ya mfuko wa mchanga, akaligonga kwa nyundo ya mbao, mapigo mepesi kuanzia ukingoni kwenda katikati. Aliporudisha madigadi mahali pake aliweka kipande cha mpira wa tyubu kati ya aluminiamu na chuma, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu hulika na kuwa unga mweupe.

Kuwasha aliwasha kwa hendeli, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, ili injini ikirudi nyuma isimvunje mkono. Kitufe cha njano kilipobonyezwa magurudumu ya mbele yakavuta. Mkono mwekundu wa gia uliporudishwa nyuma, gari likapanda kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Kama kwenu kuna Land Rover ya zamani imelala chini ya mwembe, usikubali bei ya kilo ya wanunuzi wa vyuma chakavu kabla fundi hajaigonga. Iinue ardhini, toa tope lililo ndani ya chesisi, fungua plagi na umimine oili kidogo katika kila silinda, na usiruhusu mtu achomoe vipuri. Yanayobaki mwachie fundi, na muda atakaouomba mpe wote.