Mama wa Mti na Karatasi Yake: Kutembelea Muze za Sanaa ya Kiluba

Mtu wa Kamina akiingia leo katika muze kubwa ya Ulaya ao ya Marekani, mara nyingi atakuta mtu wa kwao anamungoja. Ni mama mmoja wa mti, amepiga magoti ao amesimama, amebeba kiti juu ya kichwa na ncha za vidole vyake. Nywele zake zimesukwa kurudi nyuma, tumbo lake limejaa ntapo. Yuko ndani ya kioo, taa inamwangaza vizuri. Chini yake kuko karatasi ndogo, ile tunaita etiketi: «Luba. Kongo. Mti. Karne ya 19». Basi. Mwenyi kupita anatazama, anasema «ni nzuri», anaendelea na njia yake.

Sisi, katika maandishi yetu ya mila, tumezoea kusifu. Tunasema sanaa ya wakubwa wetu inajulikana dunia nzima, na ni kweli. Lakini sifa peke yake haitoshi. Hapa tunataka kuuliza swali moja: muze inamwonyesha yule mama, ao inaonyesha mti tu? Jibu letu tunalitoa tangu mwanzo: mara nyingi inaonyesha mti tu. Na ubaya hauko kwa kioo wala kwa taa. Uko kwa etiketi.

Tuanze na kiti chenyewe. Katika ufalme wa Baluba kipona hakikuwa kiti cha kukalia kila siku. Kilikuwa kiti cha kusimikwa. Siku zingine kilifungwa katika kitambaa cheupe, kikawekwa katika kijiji kingine, chini ya ulinzi wa mtu aliyechaguliwa kwa kazi ile, ili adui asikiibe ao asikichafue. Kilitolewa mara chache tu. Muone basi namna mambo yamegeuka: kitu ambacho heshima yake ilikuwa kufichwa, leo kazi yake ni kuonwa na kila mtu mwenyi kulipa tiketi. Hatuombi muze zikifunge tena kitambaa. Tunasema tu kwamba mgeni, kama angeambiwa habari ile, angesimama mbele ya kioo kwa adabu ingine. Angejua anaona kitu ambacho hata raia wengi wa mulopwe hawakukiona.

Na yule mama mwenyi kubeba? Vitabu vya Wazungu vinamwita kariatidi, jina la nguzo za Ugiriki zilizochongwa kwa umbo la mwanamke. Vitruvius, mwandishi wa Roma ya kale, alieleza nguzo zile kuwa mfano wa wanawake waliotiwa utumwani kwa sababu ya kosa la mji wao. Jina lile, kwetu, linapoteza njia. Mulopwe akifa, roho yake ilikaa ndani ya mwanamke, mwadi. Makao ya mfalme yakawa kitenta, na mwadi njo aliyekaa pale na heshima za ufalme. Wazee wanajua kwamba mwili wa mwanamke njo chombo cha kuhifadhi ufalme. Kwa hiyo mama wa kipona anabeba kiti kwa sababu ufalme wenyewe unakaa juu yake. Ukimwita kariatidi, umemfanya mtumwa bila kujua.

Kuko mfano mbaya kuliko huo. Ni mboko, sanamu ya mwanamke aliyeshika kibuyu ao bakuli mbele yake. Wazungu wa zamani walipoona mikono ile na bakuli lile, walifikiri anaomba sadaka. Wakamwita kwa Kifaransa «la mendiante», mama ombaomba. Jina lile likaingia katika vitabu na katalogi, likakaa miaka mingi. Kumbe bakuli lile lilikuwa la pemba, udongo mweupe wa baraka na wa mizimu. Mboko ilikaa kwa kilumbu, mganga wa kutazamia, na mama yule ni mke wa roho inayomshika kilumbu. Wafalme pia walikuwa nayo, kwa ukumbusho wa Mijibu wa Kalenga, mtazamiaji wa kwanza katika habari za Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Mwenyi kutoa baraka ameitwa mwenyi kuomba. Kosa hili si dogo. Mtoto wa shule akisoma jina lile, anatoka na fikira kwamba bibi zake walikuwa maskini wa kunyoosha mkono.

Kitu cha tatu ni lukasa. Ni ubao mdogo unaoenea mkononi, umejaa shanga na simbi, na mgongo wake unafanana na gamba la kobe. Watu wa Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume kikapita juu ya shanga moja baada ya ingine. Kidole kikigusa, mdomo unasema: safari za wafalme, majina yao, vitenta, miiko. Shanga ileile inaweza kufungua habari hii leo na ingine kesho, kulingana na msomaji na wale wanaosikiliza. Sasa fikirini lukasa ndani ya kioo, na maandishi «usiguse». Ni kitabu kilichofungwa na ufunguo ukatupwa. Muze imehifadhi shanga zote, haikupoteza hata moja. Iliyopotea ni sauti. Muze yenyi kufikiri ingeweka karibu sauti ya mtu wa Mbudye anayesoma. Hata dakika 3 zingetosha kwa kuonyesha kwamba ubao huu unasemwa.

Tuje kwa jina la fundi. Mwaka 1946 mtaalamu wa Ubelgiji, Frans Olbrechts, alitoa kitabu chake kikubwa juu ya uchongaji wa Kongo. Alikuwa ameona kwamba sanamu fulani, zenye uso mrefu na mashavu yaliyozama, zilitoka katika mkono mmoja, ao katika nyumba moja ya mafundi. Mbili kati yake zilitoka katika kijiji cha Buli, kaskazini-mashariki ya kwetu, kwa hiyo fundi akaitwa «Bwana wa Buli». Leo kazi zake ziko London, New York na Tervuren, na muze zinajivunia kila moja. Baadaye jina la mtu likaandikwa kando yake: Ngongo ya Chintu, na neno «labda» mbele. Muone bei ya etiketi. Waliochukua viti vile wakati wa ukoloni wangeuliza tu «nani alichonga?», wangejibiwa palepale kijijini. Hawakuuliza, kwa sababu walifikiri kabila njo linachonga. Kabila halichongi. Anachonga mtu, mwenyi shoka lake na mwalimu wake.

Kwa upande wa picha za rangi, mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1946 huohuo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua Elisabethville, Lubumbashi ya leo, nyumba ya kuchora iliyojulikana kama Le Hangar. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya; alitaka watoe kichwani mwao wenyewe. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na mamba juu ya uwanja wa vidoti. Mwenze Kibwanga alichora kwa mistari mifupi iliyopangwa kama ya msusi wa mikeka. Bela Sara alipaka rangi kwa vidole. Desfossés alikufa mwaka 1954, lakini majina ya wale watu hayakupotea, na mwaka 2015 kazi zao zilionyeshwa Paris katika maonyesho ya Beauté Congo. Kwa nini Pilipili anajulikana na wachongaji wa Kasongo wa Nyembo hawajulikani? Si kwa sababu alikuwa fundi kuwapita. Ni kwa sababu aliandika jina lake chini ya picha, na mnunuzi alipenda kulijua.

Lakini hata Le Hangar ilichora kwa wanunuzi Wazungu. Etiketi tunayoisifu kuliko zote ilitoka kwa mchoraji mwingine, Tshibumba Kanda Matulu. Yeye aliuza picha zake kwa watu wa kawaida, wenyi kuzitundika sebuleni. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yetu, picha karibu 100, kwa Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu. Fabian hakubeba picha tu. Aliuliza, na Tshibumba akaeleza kila moja katika Kiswahili chetu cha Katanga, maneno yakarekodiwa na kuandikwa. Leo picha zile ziko Amsterdam, mbali sana, lakini hazikuenda bubu. Mtu akitaka kujua ilipochorwa sura ya Lumumba mchoraji alifikiri nini, anasoma maneno ya mchoraji mwenyewe. Kama mtu angefanya vile kwa kila kipona na kila mboko, tusingekuwa na haja ya kuandika kurasa hizi.

Tusiwe wenyi kuegemea upande mmoja. Hapa kwetu vitu vingi havikuibwa na mtu; sisi wenyewe tuliviua. «Hivi bintu ni bya shetani, mubichome», maneno haya yamesikiwa katika vijiji vyetu, na moto ukawashwa. Vingine viliuzwa kwa wachuuzi kwa bei ya chumvi, vingine vililiwa na mchwa. Bila muze, nyingi ya sanamu hizi zisingekuwako tena. Na hata mtu asiyezipenda anaweza kuandika etiketi nzuri. Mmisionere W.F.P. Burton, aliyefika Mwanza mwaka 1915, alihubiri Injili na kupinga dini ya zamani. Papo hapo alikusanya vitu kwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, na aliandika vilitumiwa namna gani na nani. Alikuwa adui wa mizimu, lakini aliuliza maswali ambayo wapenzi wa uzuri hawakuuliza.

Sasa kila mtu anazungumza juu ya kurudisha. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilitoa vitu 114 kwa Zaire. Mwaka 2019 muze mpya ya taifa ilifunguliwa Kinshasa, kwa msaada wa Korea ya Kusini. Februari 2022 Ubelgiji ilikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000, na Juni mwaka ule mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Basuku, kakuungu, kwa njia ya mkopo usio na mwisho. Tunafurahi. Lakini wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Kipona kikitoka Tervuren na etiketi yake ya maneno manne, kikafika Kinshasa na maneno yaleyale manne, kitakuwa kimesafiri tu. Kurudi bado. Na orodha ya vitu 84,000 inaomba watu wa kuisoma, watu wanaojua mboko ni nini na kitenta kiko wapi. Watu wale hawako Bruxelles. Wako Kabongo, Kinkondja, Malemba-Nkulu, na wamezeeka. Kila mwaka wanapungua.

Kwa hiyo shauri letu kwa msomaji ni la kazi ya mikono. Ukishuka Lubumbashi kwa gari la moshi, hata kama limechelewa siku mbili, usirudi bila kuingia muze ya taifa kule. Uangalie vyungu na misalaba ya shaba vilivyofukuliwa Sanga na pande zingine za Upemba. Vinaonyesha kwamba kandokando ya ziwa Kisale watu walikuwa mafundi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kisha uende kwa sanamu na kalamu mkononi. Andika etiketi inasema nini, na andika haisemi nini: jina la fundi, kijiji, jina la kitu kwa Kiluba, kazi yake, nani aliruhusiwa kukiona. Ukirudi Kamina, peleka maswali yale kwa babu na nyanya, na kwa wakubwa wa kimila. Walimu wanaweza kufanya vile na wanafunzi, kila mmoja na mzee mmoja. Tukikusanya majibu, hata katika daftari za shule, tutakuwa na kitu ambacho Tervuren na New York hawana.

Kamina ni mji mkuu wa Haut-Lomami tangu 2015, na siku moja tutahitaji hapa nyumba ya vitu vya Baluba. Wengine wanangoja fedha, wanangoja jengo, wanangoja vitu virudi. Sisi tunaona kazi inaanza kwa upande mwingine. Jengo linaweza kujengwa na mgeni, na kiti kinaweza kungoja miaka 50 ingine ndani ya kioo, mti ni mvumilivu. Mzee anayejua jina la kiti hawezi kungoja. Tuandike karatasi kwanza, mama wa mti atakuja kuikuta.