Programu Rahisi na Binafsi: Uhakiki wa Msamiati wa Hesabu za Nyumbani

Mtu aliyestaafu ambaye anatafuta programu ya kumsaidia kuweka hesabu za matumizi ya nyumbani hutaka, kwa kawaida, sifa mbili: programu isiwe ngumu, na isitoe habari zake nje. Sifa hizo zikipita katika mikono ya mfasiri mwenye haraka huwa "programu rahisi na binafsi". Msemaji wa Kiswahili akiyasoma maneno hayo atafahamu kwamba anaelezwa habari za kitu cha bei ndogo, kilichotengenezwa na kampuni isiyo ya serikali. Neno "rahisi" lina maana mbili za tangu zamani, ya kitu kisicho ghali na ya jambo lisilo gumu; nalo "binafsi", tangu tulipozoea kusema shule binafsi, hospitali binafsi na sekta binafsi, limeegemea mno upande wa umilikaji. Basi maneno yaliyokusudiwa kumtuliza mzee yamempa habari mbili ambazo hakuziuliza, na ambazo huenda hata si za kweli.

Tumelichagua eneo hili dogo la msamiati kwa sababu watumishi wa umma wanaostaafu siku hizi nchini Tanzania, wengi wao kwa hiari wakiwa na miaka 55 au kwa lazima wakiwa na miaka 60, wanaingia katika ustaafu wakiwa na simu mkononi, na simu hiyo inazungumza nao kwa Kiswahili. Istilahi ambazo Baraza lilizitoa katika vijitabu vya miaka ya 1970 zilikwenda maofisini na madarasani, mahali ambapo daima alikuwapo mtu wa kueleza. Kitufe cha programu hakina mtu wa kukieleza. Neno moja lililoandikwa juu yake ndilo maelezo yote.

Hatusemi kwamba neno kuwa na maana mbili ni kosa. Lugha zote zinafanya hivyo, na kanuni ya dhana moja kwa neno moja tunayoifundisha katika semina zetu ni shabaha tu, haijafikiwa popote. Tunalosema ni kwamba madhara huanza pale maana mbili za neno moja zinapokutana kwenye kioo kimoja, na kila moja ikamwongoza mtumiaji njia yake.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni kitenzi "sawazisha". Katika uhasibu, kusawazisha hesabu ni kuhakikisha kwamba pande mbili za daftari zinalingana. Karani yeyote aliyewahi kufunga mwezi anaijua kazi hiyo, na mwalimu mkuu aliyewahi kutunza fedha za shule anaijua pia. Lakini katika Kiswahili cha simu na vivinjari, kitenzi hicho kimepewa kazi nyingine: kufanya taarifa zilizomo katika mashine moja zifanane na zile zilizomo katika mashine nyingine, ambayo aghalabu ni seva ya kampuni iliyo ng'ambo. Kwa upande wa uundaji wa maneno hatuwezi kuilaumu tafsiri hiyo. Sawa ni sawa. Shida ni kwamba ndani ya programu ya hesabu kazi zote mbili zinaweza kuwapo. Mstaafu amekwisha kuandika dawa, umeme na nauli. Anaona pana tofauti ya shilingi 2,000 ambayo haijui ilikotoka. Anakiona kitufe cha "Sawazisha", naye anakibonyeza akiamini kwamba mashine itamtafutia hiyo tofauti. Tofauti haipatikani, ila daftari lake zima limekwisha kuondoka nyumbani.

Wapo wenzetu wanaojibu kwamba muktadha utamwongoza. Tungekubaliana nao kama mjadala ungehusu sentensi. Muktadha wa kitufe ni vishale viwili vinavyozungukana, na vishale hivyo havimwambii mtu kama kinachozunguka ni hesabu au ni habari zake. Twaona ni heri "sawazisha" kirudishwe kwa wahasibu, na kazi ya mashine ipewe "landanisha", kitenzi ambacho kimo katika lugha, kinatokana na kulanda, yaani kufanana, na hakina madai yoyote katika daftari la fedha. Nayo kazi ya kulihakiki daftari kwa kutumia karatasi ya benki iandikwe waziwazi: "linganisha na taarifa ya benki". Ni maneno matano, na kitufe kitahitaji kurefushwa. Kirefushwe.

Neno "akaunti" lina kasoro ya namna hiyo hiyo, ijapokuwa limezoeleka hata masikio hayasikii tena. Tuchukue programu ya GnuCash, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1990 na ambayo hutolewa bila malipo. Siku ya kwanza mtumiaji anaweza kufungua akaunti ishirini: ya fedha taslimu, ya benki, ya chakula, ya dawa, ya maji. Zote zimo katika faili moja ndani ya kompyuta yake, wala hakutakiwa kumtajia mtu yeyote jina lake. Katika huduma nyingi za mtandaoni, kinyume chake, "fungua akaunti" maana yake ni kuipa kampuni jina, namba ya simu na neno la siri. Agizo moja, matendo mawili. Na kwa mtu anayejali faragha yake, matendo hayo yanapingana kabisa.

Kwa akaunti za ndani ya daftari tunapendekeza "fungu". Watumishi wa serikali hawahitaji kufundishwa neno hili, kwa kuwa wamekuwa wakisoma fungu, kifungu na kasma katika vitabu vya makadirio kwa miaka mingi, na ambaye hakuwa mtumishi amenunua fungu la nyanya sokoni. Mhasibu atapinga kwamba fungu ni la matumizi tu, wala haliwezi kubeba fedha zilizo benki. Pingamizi hilo ni la haki. Fedha zilizo benki ziendelee kuitwa akaunti ya benki, kwa kuwa hapo ndipo neno lilipotokea na hapo halimdanganyi mtu. Na uhusiano wa mtumiaji na kampuni uitwe kwa tendo lake, "jiandikishe kwa kampuni". Yafaa kukumbuka kwamba hata waundaji wa GnuCash, katika Kiingereza chao, waliona vema kuziweka nyuma istilahi za debiti na krediti. Mtumiaji huziona akizichagua mwenyewe. Asipozichagua, vichwa vya safu husema kwa maneno ya kawaida kilichoingia na kilichotoka, huku mfumo wa kuandika kila jambo pande mbili, ambao Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494, ukiendelea na kazi yake chini kwa chini. Ikiwa wenye lugha iliyozaa programu wamemwonea huruma mtumiaji wa nyumbani, hatuoni kwa nini sisi tumtwishe mzigo walioutua.

"Usajili" hatutakaa nao sana. Kwetu neno hili ni la vizazi na vifo, vyama, na laini za simu kwa alama za vidole: mtu huandikwa, jambo likaisha. Katika programu limefanywa pia kuwa malipo yanayokatwa kila mwezi mpaka mtu ayasimamishe. Mwenye pensheni isiyoongezeka hastahili kuligundua hilo katika salio lake. Tungependa kuona "lipia kila mwezi", ingawa tunafahamu kwamba wauzaji hawatalifurahia.

Turudi sasa kwenye "binafsi", ambalo ni gumu zaidi kwa sababu sheria nayo imelitumia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inasema juu ya taarifa zinazomhusu mtu, na humo neno limekaa mahali pake: taarifa binafsi si taarifa za sekta binafsi, na hakuna anayekosea. Likihamishiwa kwenye programu ndipo linapopinduka, kwa maana programu binafsi yaweza kuwa ile ambayo kampuni binafsi inaimiliki na kuzihodhi habari zote. Baadhi ya watangazaji wamekimbilia neno "siri", wakasema "programu ya siri". Hilo ni baya zaidi. Siri ni ya mwenye jambo la kuficha. Mwalimu mstaafu anayeandika bei ya sukari na ada ya mjukuu hafichi kitu. Anachotaka ni kuachwa peke yake na daftari lake. Kiswahili kina neno la haki hiyo, nalo limo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 16, ambayo iliingizwa pamoja na haki nyingine mwaka 1984: faragha. Kwa hiyo tuseme "programu yenye faragha", na palipo na nafasi tuongeze maelezo yanayoweza kuhakikiwa: daftari hukaa ndani ya kifaa hiki, halipelekwi kwingine. Maelezo ya namna hiyo humfaa mteja kuliko sifa yoyote, kwa kuwa yakiwa uongo atakuwa na la kudai.

Katika jambo hili lugha yetu ina utajiri ambao wafasiri hawautumii ipasavyo. Kiingereza hutatizwa na neno lake moja linalobeba uhuru na kukosa bei. Sisi tunalo "huria" la programu ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha, na "bure" la isiyolipiwa. Tena "bure" huongeza onyo lake lenyewe, kwa kuwa ni pasipo malipo na vilevile ni pasipo faida. Huko Marekani huduma ya Mint, iliyoanza mwaka 2007 na kununuliwa na kampuni ya Intuit mwaka 2009, haikumtoza mtumiaji kitu. Ilijipatia mapato kwa kumwonyesha matangazo ya kadi na mikopo huku ikiwa imeunganishwa na akaunti zake za benki. Na mwaka 2024 ilifungwa, watumiaji wakaelekezwa kuhamia huduma nyingine ya mwenye mali huyo huyo. Faili la GnuCash, au jedwali lililowekwa katika kompyuta ya nyumbani, halifungwi na uamuzi wa mtu aliye mbali.

Si yote yaliyoharibika. "Muamala" lilikuwa neno la vitabuni lenye harufu ya fikihi, na leo mwuza samaki analitamka bila kusita, kwa sababu huduma za kutuma fedha kwa simu, zilizoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, zilimletea kila siku katika ujumbe. "Salio" limepita njia hiyo hiyo. "Kikokotoo" nacho kina historia ya peke yake: kiliundwa vizuri kutokana na kukokotoa, kikawa jina la mashine ndogo ya kupigia hesabu, kisha katika mjadala wa mafao wa mwaka 2018, ambao uliishia kwa kanuni ya mkupuo wa asilimia 25 kusitishwa mwezi Desemba, na tena kanuni ya asilimia 33 ilipoanza Julai 2022, kikawa jina la kanuni yenyewe. Mstaafu anayekiona "Kikokotoo" katika programu ya nyumbani hushtuka kabla ya kukibonyeza. Hapo hatupendekezi kubadili lolote. Wenye lugha wamesema.

Kasoro ya mwisho tunayotaka kuieleza imo katika orodha ya mafungu ambayo programu nyingi za kigeni huja nayo tayari. Mfasiri hukuta humo zawadi na sadaka, akazitafsiri, akadhani amemaliza. Mchango wa harusi hauwi zawadi, na mchango wa msiba hauwi sadaka. Ni deni la ujirani: huandikwa katika daftari la kamati, husomwa hadharani, na siku ya mtoaji ikifika hurudi. Katika nyumba nyingi za wastaafu fungu hili halizidiwi sana na lile la dawa, na mtu akilikosa kwenye orodha huliandika chini ya "mengineyo", ambako hesabu zote hufa. Wafasiri wawe na ruhusa, na tena wajibu, wa kuongeza fungu ambalo matini ya asili haina: michango, pamoja na tanzu zake za harusi, msiba na matibabu.

Upatu unatushinda zaidi. Mama mstaafu anayetoa shilingi 20,000 kila wiki kwa wenzake kumi hajazitumia, maana zitamrudia. Wala hajaziweka akiba kwa maana ambayo programu inaijua, kwa kuwa wiki hii zinajenga choo cha mwenzake. Akishapokea zamu yake mapema, zile anazoendelea kutoa zimekuwa ulipaji wa mkopo usio na riba. Kwa hiyo fungu moja hubadili upande katikati ya mzunguko. Tumejaribu "fedha kwa wenzangu", ambayo inaeleweka lakini inanyamaza juu ya zamu. Wafasiri na walimu walio karibu na vikundi hivyo bila shaka wanasikia neno ambalo wanachama wenyewe hulitumia kumtofautisha aliyekwisha kupokea na ambaye bado. Tungependa watuandikie neno hilo pamoja na mahali walipolisikia.