Siku ya Mpanda Baiskeli Mjini: Nani Anamtazama Nani?

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai kwenye genge la mama mmoja karibu na soko la Kilombero, hapa Arusha. Akatokea mzungu na baiskeli. Mabegi pembeni, mabegi nyuma, vumbi mpaka kwenye kope. Watu wa namna hii si wageni kwetu. Tangu mwaka 2003 upo hata msafara wa pamoja, Tour d'Afrique, unaotoka Cairo kwenda Cape Town, na Arusha imo njiani. Lakini huyu alikuwa peke yake. Akaegemeza baiskeli ukutani, akaagiza chai na chapati mbili, akatoa daftari, akaanza kuandika.

Hazikupita dakika tano tukawa tumemzunguka. Mmoja anahesabu gia, mwingine anabonyeza tairi, wa tatu anauliza bei. Mama wa genge akasema, "Jamani, mwacheni mgeni wa watu anywe chai!" Mzungu akainua kichwa, akatabasamu, akarudi kwenye daftari lake. Mimi ninayejiita mwandishi niliingiwa na wivu na wasiwasi kwa pamoja. Nilitamani sana kujua anaandika nini juu yetu. Je, aliandika kwamba mama yule alimtetea? Au aliandika tu kwamba Arusha kuna watu wengi na chai ni tamu?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye vitabu vya safari za baiskeli, na ndilo ninalotaka kulijadili hapa. Hoja yangu ni fupi. Waandishi wa aina hii wanaiweza barabara, lakini siku ya mjini huwashinda. Na huwashinda kwa sababu moja: barabarani mpanda baiskeli ndiye anayetazama, mjini yeye ndiye anayetazamwa, na wengi wao hali hiyo hawajui kuiandika.

Mfano wangu mkubwa ni Thomas Stevens. Huyu alikuwa Mwingereza aliyehamia Marekani. Tarehe 22 Aprili 1884 aliondoka San Francisco juu ya baiskeli ya kizamani, ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Gurudumu la mbele peke yake lilikuwa na kimo cha inchi 50, yaani sentimita 127, na mpandaji alikaa juu yake kama mtu aliyepanda farasi. Agosti mwaka huo huo akafika Boston, mtu wa kwanza kuvuka Marekani kwa baiskeli. Mwaka 1885 akaanza tena kutoka Liverpool, akapita Ulaya, Uturuki na Uajemi. Waafghani wakamkatalia njia na kumrudisha Uajemi, akazunguka kwa meli mpaka India, kisha China na Japani, na tarehe 17 Desemba 1886 akamaliza safari huko Yokohama. Habari zake zilikuwa zikitoka katika gazeti la Outing, baadaye zikawa kitabu cha juzuu mbili, Around the World on a Bicycle, 1887 na 1888. Hakimiliki yake imekwisha zamani. Mimi nimekisoma bure kwenye simu, usiku baada ya kazi, kamusi ikiwa pembeni.

Nimpe haki yake kwanza. Barabarani Stevens ni fundi. Anakwambia wapi njia inapandika na wapi alishuka akasukuma, mlima gani ulimtoa jasho, alilala wapi na akala nini. Hajifanyi shujaa kila saa. Anaanguka, anajicheka, anaendelea. Katika vijiji vya Uturuki watu wanamfuata wakimwambia "bin", yaani panda, hata kama mwenyewe amechoka hoi. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana ndivyo tulivyo hata sisi. Mtu akija na chombo kipya, hapumziki mpaka atuonyeshe.

Sasa tumfuate mjini. Stevens alifika Tehran mwishoni mwa Septemba 1885, akakaa hapo mpaka Machi 1886 akingoja baridi ipite. Juzuu ya kwanza inaishia huko. Shah Nasir al-Din, mfalme wa Uajemi, akapata habari za baiskeli akataka kuiona. Basi ikapangwa siku, wakaandamana kwenda Doshan Tepe, jumba la Shah nje ya mji. Shah juu ya farasi wake, Stevens juu ya gurudumu lake, na kazi ya Stevens njiani ikawa kumwonyesha mfalme jinsi chombo kinavyokwenda.

Sekondari tulifundishwa kuuliza maswali ya fani na maudhui. Mandhari ni ipi, mhusika mkuu ni nani, ujumbe ni upi. Ukiuliza hivyo hapa, majibu ni mepesi: mandhari ni Tehran, mhusika mkuu ni Stevens, ujumbe ni ushujaa. Lakini jaribu kuuliza swali lingine: katika tukio hili, nani anamtazama nani? Hapo mambo yanageuka. Mhusika mwenye nguvu ni Shah. Yeye ndiye aliyeita, yeye ndiye anayetazama, na msafiri aliyevuka nusu ya dunia siku ile amekuwa mchezo wa kumfurahisha mkubwa. Stevens anaiandika siku hiyo kama ushindi wake. Mimi naisoma kama siku ambayo alikuwa mdogo kuliko siku zote za safari, na laiti angelikubali hilo, kurasa zile zingekuwa bora kuliko zote katika juzuu nzima.

Kuna jambo lingine linaloniuma kama mwandishi. Shah yule alikuwa naye mwandishi wa safari. Alikwenda Ulaya mwaka 1873 na tena 1878. Shajara yake ya safari ya kwanza ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapwa London mwaka 1874. Kwa hiyo walioandamana siku ile ni waandishi wawili. Mmoja aliwahi kutazamwa na umati wa London, mwingine sasa anatazamwa na watu wa Tehran. Jamani, si riwaya hiyo? Ungewauliza tu: ilikuwaje ulipokuwa wewe ndiye mgeni? Stevens hakulikamata hilo. Na wale waliosimama kando ya njia wakati msafara unapita, wauza mikate, watoto, wazee, wamebaki umati. Hawana majina wala maneno.

Rafiki yangu mmoja katika kikundi chetu cha kusoma alinipinga vikali. Alisema, "Wewe bwana unamdai mtu wa 1885 mambo ya leo. Yule alikuwa anaandika kwa ajili ya watu wa baiskeli, waambiwe habari za baiskeli. Watu wa Tehran walimhusu nini?" Ni kweli, gazeti la Outing lilikuwa na uhusiano na Albert Pope, mwenye kiwanda cha baiskeli za Columbia, na Stevens alipanda Columbia. Anayekulipa ana mkono katika unachokiona. Hoja ya rafiki yangu si ya kutupa.

Lakini mambo haya si ya leo, na ushahidi ninao katika lugha yetu wenyewe. Mwaka 1896, miaka kumi na mmoja tu baada ya siku ile ya Tehran, Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani Bumiller mpaka Urusi na Siberia. Habari yake kwa Kiswahili ilichapwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Salim hakuwa na baiskeli wala gazeti la kumlipa. Alikwenda chini ya bwana. Lakini watu wanaomshangaa wamo ndani ya habari yake, na yeye anawashangaa wao. Macho yanakwenda na kurudi. Hakuwa na namna ya kujidanganya kwamba yeye ndiye mtazamaji peke yake, na kwa sababu hiyo miji yake ina watu. Kwa hiyo tusiseme zama zile hazikuruhusu. Aliyejua kwamba anatazamwa aliweza kuandika hivyo.

Je, wapo wapanda baiskeli walioliweza jambo hili? Yupo mmoja anayekaribia, Dervla Murphy wa Ireland, aliyezaliwa 1931 na kufariki 2022. Januari 1963 aliondoka Dunkirk, Ufaransa, peke yake kwa baiskeli, akaenda mpaka India, akatoa kitabu Full Tilt mwaka 1965. Kwetu anajulikana zaidi kwa safari ya 1992, alipokuwa na miaka 60. Alianzia Kenya, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia mpaka Zimbabwe. Kitabu kilitoka 1993 na kinaitwa The Ukimwi Road. Tazama, neno letu liko kwenye jalada! Hakulileta kutoka Ireland. Alilipata kwa watu, kwa sababu kila alipoketi watu walizungumza juu ya ugonjwa ule, na yeye akakubali safari yake igeuke kuwa mazungumzo yao. Akifika mji hatafuti mkubwa wa kumpokea. Anakaa baa, anaagiza bia, anaulizwa maswali, naye anauliza. Watu wake wanabishana, wanalaumu serikali, wanalaumu wafadhili, wanaogopa. Mara nyingine maoni yake mwenyewe yana kelele mno na yanawafunika wenyeji. Lakini angalau ukifunga kitabu unakumbuka sauti nyingine zaidi ya yake.

Hata hivyo Murphy naye ana siku moja tu katika kila mji, na kesho asubuhi anaondoka. Hilo haliepukiki kwa msafiri. Siku ya pili ni ya wanaobaki, na hapa ndipo uhakiki huu unapotuhusu sisi.

Stevens yule yule alikuja huku kwetu. Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma amtafute Stanley. Akafika Zanzibar, akaenda na wapagazi mpaka upande wa Kilimanjaro, na mwaka 1890 akatoa kitabu, Scouting for Stanley in East Africa. Kutoka hapa ninapoandika mpaka Kilimanjaro ni mwendo wa saa chache kwa basi. Safari hii umati wa kando ya njia si watu wa Tehran tena. Ni babu wa babu zetu, waliosimama wakamtazama akipita na mizigo yake. Waliporudi nyumbani jioni walisemaje juu yake? Bila shaka walisema mengi na walicheka sana. Lakini aliyekuwa na daftari ni yeye.

Wenzangu, nimesema ya wengine, sasa niseme yangu. Nina muswada wa riwaya niliouanza tangu nilipomaliza kidato cha nne. Shujaa wangu anatoka Babati kwa baiskeli, anakuja Arusha kutafuta maisha. Barabara niliiandika kwa kurasa thelathini: upepo, pancha, malori, giza. Alipofika mjini nikaandika kurasa nne za mshangao, magari mengi, majengo marefu, kila mtu ana haraka. Niliona nimemaliza. Nikamsomea mzee mmoja, fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mtu ambaye hajawahi kusoma riwaya lakini kila baiskeli inayoingia mtaani inapita mikononi mwake. Akasikiliza huku anaziba pancha. Mwisho akasema, "Mwanangu, huyu kijana wako ameuona mji, lakini mji haujamwona."

Nikamuuliza, "Una maana gani, mzee?"

Akasema, "Mtu akija na baiskeli kutoka Babati, mimi nikitazama tairi tu najua amepita wapi, amebeba nini, na kama ana hela. Mwenye nyumba ya wageni anajua. Kibaka wa stendi anajua. Humo sijamwona hata mmoja anayemtazama."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimefanya kosa lile lile la Stevens, tena bila hata kuwa mgeni! Nimezaliwa hapa, lakini nilipochukua kalamu niliuandika mji wangu kama mtu anayepita.

Kurasa zile nne nimezichana. Naandika upya siku ya kwanza ya kijana yule mjini, na safari hii naianza kwa fundi, anapoiona baiskeli ngeni inakata kona. Ni kazi ngumu. Inabidi nijue fundi anawaza nini, mama wa genge anadai nani, mlinzi wa benki ana njaa ya tangu saa ngapi. Mpita njia halazimiki kuyajua hayo. Mimi nalazimika.

Mzungu wa pale Kilombero alimaliza chai, akalipa, akatuaga kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akaondoka kuelekea barabara ya Dodoma. Huenda tumo katika daftari lake, huenda hatumo. Lakini tulikuwa pale watu kumi na zaidi tuliomwona, na katika hao mmoja wetu alikuwa na kalamu mfukoni. Basi na tuandike.