Visanduku 16 na Jembe la Bugobogobo: Uhakiki wa Unukuzi wa Midundo ya Ngoma za Kisukuma kwa Mashine ya Ngoma

Uchambuzi wa nyimbo za ngoma katika taaluma ya fasihi simulizi kwa Kiswahili umezoea kuanza na kuishia katika maneno. Wimbo wa Kisukuma hunukuliwa, hutafsiriwa, kisha huchambuliwa dhamira zake, sitiari zake na mbinu zake za lugha. Ngoma iliyoubeba wimbo huo hupewa sentensi moja au mbili: kwamba ilipigwa kwa kasi, au kwamba iliwasisimua wachezaji. Sababu inajulikana. Wanafunzi wengi wa fasihi hawakufundishwa nota, na hata wale waliofundishwa hukuta kwamba nota za Kizungu zinalazimisha mistari ya kugawia mapigo mahali ambapo mpiga ngoma hana mgawanyo wa namna hiyo. Katika pengo hilo imeingia mashine ya ngoma, ama kifaa chenyewe ama programu ya kompyuta kama FL Studio. Mwanafunzi husikiliza rekodi, hujaza visanduku, husikiliza tena, husahihisha. Uhakiki huu unachunguza njia hiyo inapotumika kwa ngoma za Usukuma, hususan bugobogobo. Hoja yake ni kwamba mashine ni mtahini mzuri wa sikio na mwandishi mbaya wa ngoma, na kwamba kuchanganya kazi hizi mbili kunaharibu ushahidi.

Tuanze na kifaa. Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980, ina vitufe 16 vilivyopangwa katika mstari mmoja na kupakwa rangi nne, vinne vinne: vyekundu, vya chungwa, vya njano na vyeupe. Programu nyingi zilizofuata zimerithi mpango huo wa visanduku 16 katika makundi manne. Rangi hizo si pambo tu. Kabla mwanafunzi hajasikia pigo lolote, jicho limekwisha kuambiwa kwamba mdundo una nguzo nne, kila nguzo ina sehemu nne, na mwisho wa mstari ndio mwisho wa mzunguko. Kweli TR-808 inaruhusu mstari kufupishwa na kipimo kubadilishwa kiwe cha tatu tatu, lakini ruhusa hiyo humfaa tu yule ambaye sikio lake limekwisha kumwambia kwamba nne haifai.

Hapo ndipo zoezi linapokuwa na faida ambayo wakosoaji wa mashine hawapendi kuikiri. Anayesikiliza ngoma kwa kuburudika husikia wimbi moja. Anayejaza visanduku hulazimika kujibu maswali ambayo hakuwahi kuyauliza: sauti hii nzito imetoka katikati ya wambo au ukingoni? Pigo hili ni moja au ni mawili yaliyofuatana karibu? Mzunguko unaanza wapi, na nani kasema unaanza hapo? Mashine hurudia jibu lake bila huruma, mara mia ikitakiwa, na kosa husikika. Kwa mwanafunzi wa fasihi ambaye angeandika kwamba ngoma "ilikolea" na kuendelea na sitiari, hii ni nidhamu ambayo darasa la nadharia halimpi.

Umuhimu wake unaonekana zaidi tukiirudia nadharia ya tanzu. M. M. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" ya mwaka 1989, aliitenga ngomezi kuwa utanzu unaojitegemea, yaani fasihi inayowasilishwa kwa ngoma yenyewe. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwani iliikubali ngoma kuwa chombo cha kusema. Hata hivyo, iliacha eneo la katikati. Mdundo wa bugobogobo hauwasilishi ujumbe unaoweza kufasiriwa neno kwa neno, kwa hiyo hauhesabiki kuwa ngomezi. Wala hauna maneno, kwa hiyo hauchambuliwi kama ushairi. Umebaki kuwa "muktadha". Mwanafunzi anayeunukuu kwa sikio anautoa katika muktadha na kuufanya matini. Hilo ni jambo la kukaribishwa, mradi matini hiyo iwe ya kweli.

Visanduku vyenyewe havikuanzia viwandani. A. M. Jones, mmisionari aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, alitumia chombo cha umeme kilichochora alama kwenye karatasi inayotembea kila mpigaji alipogusa bamba la metali. Kwa chombo hicho alinukuu midundo ya Waewe kutoka kwa Desmond Tay, na matokeo yakachapishwa katika juzuu mbili mwaka 1959. Mwaka 1970 James Koetting alieneza mfumo wa visanduku vilivyo sawa, kila kimoja kikiwakilisha pigo dogo kuliko yote, ili kuepuka nota za Kizungu. Nia yake ilikuwa njema. Tofauti iliyopo ni kwamba chombo cha Jones kiliandika pigo mahali lilipoangukia, kisha mtu akaamua namna ya kuligawa. Mashine ya ngoma hugawa kwanza, kisha hulilazimisha pigo liingie. Kwa mantiki ya unukuzi, hizi ni kazi mbili zinazokwenda kinyume.

Kiasi cha ulazimishaji huo kinaweza kukokotolewa. Katika kasi ya midundo 120 kwa dakika, kila kisanduku huchukua sehemu 125 za elfu za sekunde. Mashine inaponyoosha mapigo, pigo lililo katikati ya visanduku viwili linaweza kusogezwa kwa zaidi ya sehemu 62 za elfu za sekunde, umbali ambao sikio la kawaida hulisikia. Chukua mdundo ambao nguzo yake imegawanywa katika tatu sawa. Ukiingizwa kwenye visanduku vinne, pigo la pili litawahishwa, la tatu litacheleweshwa, na tatu zilizo sawa zitakuwa fupi, ndefu, fupi. Huo si mdundo uleule wenye dosari ndogo. Ni mdundo mwingine, tena mzuri, unaochezeka, na kwa sababu hiyo mwanafunzi hatashuku kitu. Kosa linalopendeza ni gumu kulikamata kuliko kosa linalokera.

Bugobogobo inalifanya tatizo hili kuwa zito zaidi, kwa kuwa ni ngoma ya jembe. Asili yake ni kilimo cha pamoja: wakulima hulima kwa safu na ngoma hupigwa shambani. Jukwaani, jembe hurushwa hewani na kudakwa, na watazamaji wengi wa mjini Mwanza huijua kwa sura hiyo. Shambani, muda kati ya jembe kuinuliwa na jembe kugota hauamuliwi na mpiga ngoma peke yake. Unaamuliwa pia na mikono, na ardhi. Usukuma una kichanga cha luseni na una udongo mweusi wa mbuga, na jembe haliingii wala halitoki kwa namna moja katika aina hizo mbili. Mpigaji anayewaongoza wakulima anawafuata vilevile. Kazi kubwa ya Frank Gunderson kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, iliyochapishwa mwaka 2010, imeuonyesha kwa upana uhusiano wa wimbo na kilimo kupitia matini na maelezo ya waimbaji. Ndani ya mashine uhusiano huo hauna mahali pa kukaa. Kasi huandikwa kwa tarakimu moja juu ya skrini, na tarakimu hiyo hudumu hadi mtu aibadilishe. Mwanafunzi anayeandika kasi moja kwa ngoma ya shamba amekwisha kuihamishia jukwaani bila kumwarifu msomaji.

Je, kosa ni la visanduku kwa jumla? Upande wa kaskazini wa ziwa hilohilo, Buganda, kuna ushahidi unaozuia hukumu ya haraka. Katika amadinda, marimba ya magogo, wapigaji wawili huketi wakitazamana. Mmoja huanzisha mfuatano wake, wa pili huingiza wake katikati ya mapigo ya kwanza, na wa tatu huongeza sauti katika vipande viwili vya mwisho. Gerhard Kubik, aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda, aliuandika muziki huo kwa tarakimu juu ya mapigo yaliyolingana, na uandishi huo unafaa. Hapa gridi si ugeni. Ndiyo namna wapigaji wanavyofumana. Lakini hata hapa visanduku 16 havitoshi, kwa maana mizunguko ya mapigo 24 au 36 ni ya kawaida. Tena gridi haiwezi kuonyesha jambo ambalo Kubik alilisisitiza: kila mpigaji huyahisi mapigo yake mwenyewe kuwa ndiyo nguzo, na ya mwenzake kuwa ndiyo ya katikati. Faili la kompyuta lina nguzo moja tu, nayo ni ya kompyuta.

Kubik alionyesha pia kwamba ule mfuatano wa kengele au kijiti unaorudiwa bila kubadilika, ambao katika Afrika Magharibi na ya Kati huwa kama uti wa mgongo wa midundo mingine, haukuenea sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Mbinu ya kunukuu inayofundishwa mara nyingi, ya kutafuta kwanza kengele na kutundika kila kitu juu yake, imetokana na ngoma za kwingineko. Mwanafunzi aliyeko Kisesa au Magu akiitafuta kengele asiipate, hushawishika kuitunga kutokana na njuga za wachezaji. Njuga hizo zimefungwa miguuni. Zinalia kwa hatua ya mchezaji, na mchezaji akiruka kwa madaha zinachelewa pamoja naye. Kuzifanya mstari wa kupimia ni kumgeuza mchezaji kuwa saa.

Rainer Polak, katika utafiti wake wa mwaka 2010 kuhusu jembe, ngoma ya Mali ambayo jina lake kwa bahati tu linafanana na zana yetu, alidai kwamba migawanyo isiyo sawa inaweza kuwa ndiyo kanuni yenyewe ya mdundo na si mkengeuko kutoka kwenye usawa. Kuidai hoja hiyo kwa bugobogobo bila vipimo kungekuwa pupa. Ila inatosha kubadili swali. Kitanzi cha mashine kikiwekwa sambamba na rekodi na vikaanza kuachana, mwanafunzi huona ameshindwa, hunyoosha, na huwasilisha kilichonyooka. Mahali vilipoachana ndipo palipostahili sura nzima ya tasnifu.

Rekodi nazo zina tabia zake. Zile za zamani, kama alizozifanya Hugh Tracey katika safari yake ya Tanganyika mwaka 1950, hazikutenganisha ngoma moja na nyingine. Anayezinukuu hugawa sauti kwa ngoma kubwa na ndogo kwa kukisia. Simha Arom, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, alilitatua hilo kwa kumrekodi kila mpigaji peke yake huku akisikiliza wenzake masikioni. Kwa mashindano ya Bagika na Bagalu dawa hiyo haisaidii. Makundi hayo mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja likijaribu kuvuta umati wa jingine, na ushindi hupimwa kwa wingi wa watazamaji. Mdundo unaosikika nyuma kwenye rekodi ya Bagalu unaweza kuwa wa Bagika, na mpigaji wa Bagalu anausikia vilevile. Kuufuta kama kelele ni kufuta sababu iliyomfanya abadili upigaji wake. Hakuna kitanzi kinachoweza kuwa na mpinzani.

Kinachohatarishwa hapa ni zaidi ya usahihi wa kiambatisho cha tasnifu. Studio nyingi sasa hutengeneza biti kwa programu zilezile, na prodyuza ana haki ya kunyoosha anachotaka, kwa kuwa hajidai kuhifadhi. Tasnifu hujidai. Faili lenye jina la bugobogobo likiwekwa katika hazina ya chuo kikuu litapakuliwa na mtu asiyewahi kufika Bujora, ambako makumbusho yaliyoasisiwa na Padri David Clement yanatunza ngoma za watemi, na ambako sikukuu ya Bulabo bado inawakutanisha wachezaji kila Juni. Mtu huyo hatakuwa na namna ya kujua kwamba usawa anaousikia ni wa mashine.

Kwa hiyo unukuzi wa aina hii unapaswa kuwasilishwa pamoja na mabaki yake: faili kabla ya kunyooshwa, kipande cha rekodi kilichotumika, maelezo ya mahali kitanzi kilipokataa kuingia, na hukumu ya wapigaji wenyewe waliposikilizishwa kitanzi hicho, kwa maneno yao ya Kisukuma. Mwongozo wa tasnifu unaodai tafsiri ya kila ubeti iwekwe kando ya matini asilia hauna sababu ya kuusamehe mdundo. Mtahini anayepewa kitanzi kitupu cha visanduku 16 na kuelezwa kwamba hicho ndicho bugobogobo yuko katika hali ya mtu aliyepewa tafsiri bila wimbo, na anaweza kuirudisha kazi hiyo kwa sababu hiyohiyo.